Kipindi chenu kikiondolewa, msikae kimya

Msomaji, jiweke katika kiti cha baba mmoja wa Lumakanda, kaunti ya Kakamega. Ametoka shambani, ugali umeiva, watoto wamemaliza kazi ya shule. Wote wanangoja kichekesho chao. Saa ikifika, wanaona mchezo wa kigeni, bila hata neno la kuomba radhi. Atamlalamikia nani?

Zamani stesheni ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, iliyogeuka KBC mwaka 1989. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilijulikana na mkubwa kwa mdogo. KTN ilianza 1990, na nyingine zikafuata. Lakini wingi wa stesheni haukumpa mtazamaji sauti. Mnamo Februari 2015, mzozo wa kuhamia dijitali ulipozima Citizen, NTV na KTN, alikaa karibu wiki tatu bila stesheni hizo.

Sababu kubwa ni pesa. Mchezo wa kigeni hununuliwa ukiwa tayari. Wa hapa unahitaji kulipa waigizaji na wapiga picha. Mdhamini akiondoka, kipindi hutetereka.

Hata hivyo, hasara ni ya watoto. Katika Papa Shirandula, mchezo wa marehemu Charles Bukeko aliyefariki 2020, walisikia lafudhi ya nyumbani kwao. Mchezo wa ng'ambo hauwezi kuwapa hiyo.

Kwa hivyo andikeni barua. Tajeni kipindi, siku na saa. Nakala moja mpelekeeni mdhamini, kwa maana yeye ndiye anayesikizwa. Mficha uchi hazai.