Msimwache nyumbani: Mtoto mlemavu naye hupenda maji

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, familia yako inapofunga safari ya matembezi Jumapili, ni nani huachwa nyumbani? Iwe ni Kitale au Bungoma, mara nyingi jibu ni lile lile. Yule mtoto asiyetembea au asiyeona huachiwa nyanya, kisha wenzake wakirudi jioni humsimulia waliyoyaona. Shuleni nako basi la ziara huondoka, naye akabaki na mpishi na bawabu.

Si kwamba wazazi na walimu hawana huruma. Aghalabu ni huruma iliyopita kiasi. Huhofia kwamba mtoto ataumia, atachekwa, au atawachosha wengine. Lakini mtoto anayefichwa hujifunza mapema kwamba dunia ya nje si yake, na jeraha hilo haliponi upesi.

Tuanze hapa kwetu. Mbuga ya Saiwa Swamp, iliyo upande wa njia ya kutoka Kitale kwenda Kapenguria, ilitengwa mwaka 1974 ili kumhifadhi nzohe, paa wa kinamasi ambaye kwato zake ndefu humwezesha kutembea topeni. Ndiyo mbuga ya kitaifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, yapata kilomita 3 za mraba. Wageni hawaizunguki kwa gari. Hutembea kwa miguu, wakivuka kinamasi juu ya njia za mbao na kupanda minara ili wawatazame wanyama.

Sasa hebu fikiria uko katika kiti cha magurudumu. Mbao zikikingama njia, na mianya yake isizidi upana wa kidole, kiti hupita bila taabu. Zikilazwa kwa urefu, magurudumu madogo ya mbele huingia mwanyani yakanasa. Mnara wa ngazi nao haupandiki kwa kiti, ilhali jukwaa la chini lingemwezesha kila mtu kumwona nzohe.

Mahali penye ngazi, dawa ni njia ya mteremko. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Ngazi zenye kimo cha sentimita 45 zinahitaji mteremko wa mita 5 na nusu hivi. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kuujenga, awe anajenga kanisani, shuleni au kando ya kidimbwi cha kuogelea. Na asiyeona je? Katika njia ya msituni iliyo kwenye Makumbusho ya Kitale, mpe muda apapase magamba ya miti na kusikiliza ndege. Atarudi na hadithi zake mwenyewe.

Maji nayo yana fadhila yake. Mwili ukiwa majini hupungua uzito, hivi kwamba mtu ambaye miguu haimbebi nchi kavu anaweza kuelea na kujisukuma kwa mikono. Lakini usianzie mtoni. Nzoia pale Nabuyole, karibu na Webuye, inapendeza kutazamwa, ila mkondo wake hauna masihara. Anzia katika kidimbwi chenye maji ya kifuani, mtoto akiwa amevaa jaketi la kuelea, na mtu mzima mmoja akiwa na kazi moja tu ya kumwangalia yeye.

Asiyetembea aketi ukingoni juu ya mkeka, kisha ateremshwe polepole. Kama miguu yake haina hisia, mvishe soksi, kwani saruji inaweza kumchuna asijue. Asiyesikia mkubaliane naye kwa ishara za mkono au kitambaa chekundu, maana filimbi haitamsaidia. Asiyeona afuate kamba iliyonyooshwa juu ya maji, na akikaribia ukuta aguswe kwa fimbo yenye sponji nchani, kama wafanyavyo waogeleaji vipofu katika mashindano makubwa. Mwenye kifafa daktari wake aulizwe kwanza, na asiachwe majini peke yake hata dakika moja.

Ukidhani haya ni ndoto, mkumbuke Asiya Mohammed wa Mombasa. Alipoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole katika ajali ya garimoshi akiwa na umri wa miaka miwili. Mwaka 2021 alikuwa Tokyo, mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika kupiga makasia kwenye Olimpiki ya Walemavu. Katika daraja lake, mpiga makasia hutumia mikono na mabega pekee, hufungwa mkanda kifuani, na mashua huwekewa maboya ubavuni ili isipinduke. Masafa ni mita 2,000. Na zamani zaidi, mwaka 1969, vijana saba vipofu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania waliupanda Mlima Kilimanjaro.

Sheria nayo haikunyamaza. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao, katika kifungu cha 30, unataka watoto walemavu washiriki michezo na burudani sawa na wenzao, pamoja na ile ya shuleni.

Hata hivyo, sheria haisukumi kiti cha magurudumu. Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kulipa ada ya ziara muulize mwalimu mkuu: basi hili litampakia nani, na nani ataachwa? Nawe mwanafunzi, kabla hujapanda, tazama nyuma. Kama mwenzako amebaki langoni, mwambie mwalimu asubiri kwanza.