Pedali ya Breki Inapokuwa Laini: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Breki timamu humpa dereva jibu la haraka. Mguu ukikanyaga, pedali hushuka kidogo, kisha hukaza, na gari huanza kupunguza mwendo. Pedali ikiwa laini kama sifongo, ikikaribia sakafu kabla breki hazijashika, au ikihitaji kukanyagwa mara mbili tatu, gari hilo lina hitilafu na halifai kuendeshwa, hata kwa safari fupi ya kwenda gereji. Mwite fundi afike lilipo, au likokotwe.

Malalamiko yanayotufikia kuhusu hitilafu hii hufanana: gari limetengenezwa mara mbili au tatu, kila mara limelipiwa, na pedali imebaki vilevile. Mara nyingi mwenye gari ameuziwa pedi mpya ilhali pedi hazikuwa na kosa. Tunaeleza hapa namna ya kutambua chanzo, si kwa nia ya kumfanya kila dereva awe fundi, bali aweze kumuuliza fundi maswali yanayostahili.

Mguu unapokanyaga, pistoni iliyo ndani ya masta silinda husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba hadi magurudumuni. Huko mafuta huzisukuma pedi zibane diski, au hutanua viatu vya breki ndani ya dramu. Mfumo huu hutegemea jambo moja, kwamba mafuta hayapungui ujazo yanapobanwa. Hewa hupungua. Viputo vichache vya hewa vikiingia ndani ya mabomba, sehemu ya nguvu ya mguu huishia kuvibana viputo hivyo badala ya kufika magurudumuni.

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yamewekewa mawe au vigingi, na injini imezimwa. Kanyaga pedali mara kadhaa mfululizo. Ikipanda lakini ikaendelea kunesa chini ya mguu, yaelekea hewa imo ndani ya mfumo. Ikipanda na kuwa ngumu kabisa, fundi aangalie kwanza kama viatu vya breki za dramu vinahitaji kurekebishwa, kwani vikilegea pedali hushuka sana katika kanyago la kwanza. Kisha endelea kuikanyaga pedali kwa nguvu ileile kwa muda wa nusu dakika. Ikizama polepole, mafuta yanapotea mahali fulani. Tafuta unyevu upande wa ndani wa kila gurudumu, kwenye mipira ya breki, na nyuma ya pedali yenyewe. Pasipokuwa na unyevu wala upungufu wa mafuta, shuku mipira ya ndani ya masta silinda, ambayo ikichakaa hupitisha mafuta kurudi nyuma bila hata tone moja kuonekana nje. Pedali ikishuka kidogo wakati injini inapowashwa, usiwe na hofu. Hiyo ni ishara kwamba busta inafanya kazi.

Ipo pedali nyingine ambayo hudanganya watu wengi: ni ngumu mjini, lakini hulainika katika mteremko mrefu, kisha hurejea hali yake gari likipoa. Dereva anayeshuka Mlima Kitonga akitokea Iringa, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, anaweza kukutana nayo. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani kadiri miaka inavyopita. Kwa kiwango cha chini kinachokubalika, mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika kama hewa. Dawa yake ni kubadilisha mafuta yote, jambo ambalo watengenezaji wengi wa magari hushauri lifanywe kila baada ya miaka miwili hivi, na kushuka milima kwa gia nzito.

Tunasisitiza kwamba kuongeza mafuta si matengenezo. Mafuta ya breki hayatumiki yakaisha kama petroli. Hupungua taratibu kadiri pedi zinavyolika. Yakipungua kwa haraka, yanavuja. Fundi anayejaza chupa na kukuaga hajatengeneza kitu.

Aina ya mafuta yanayotakiwa kwa kawaida huandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake, jambo lenye manufaa kwa wenye magari yaliyoagizwa Japani ambayo vitabu vyake havisomeki kwa wengi wetu. Nunua kopo lenye lakiri isiyovunjwa. Kopo lililokaa wazi rafuni limekwisha kufyonza maji. Kamwe usikubali oili ya injini au ya gia itiwe humo, kwani huvimbisha mipira ya mfumo mzima, na gharama yake huwa kubwa.

Hewa ikiwa ndiyo chanzo, fundi huitoa kwa kufungua skrubu ndogo iliyo kwenye kila gurudumu huku msaidizi akikanyaga pedali, na huifunga kabla pedali haijaachiwa. Chupa ya juu isiachwe ikauke wakati kazi inaendelea, la sivyo hewa huingia upya. Kama kalipa zilifunguliwa na upepo haukomi, angalia kama skrubu hiyo imekaa juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, skrubu huwa chini na hewa hubaki imenaswa.

Dai upewe kifaa kilichotolewa, na risiti inayotaja kifaa kilichowekwa, kazi iliyofanywa na tarehe. Kabla ya kulipa, rudia majaribio yote mawili hapo hapo gereji. Tia alama mahali mafuta yalipofika kwenye chupa, uangalie tena baada ya siku chache. Yakiwa yameshuka, usiliendeshe. Mjulishe fundi, risiti ikiwa mkononi.