Kabla hujafungua mdomo

Bei ya kung'oa jino tunajua kuuliza, ila usafi wa vifaa tunaona soo. Jamani, aibu hiyo ina gharama! Mwaka 2013 huko Tulsa, Marekani, wagonjwa wapatao 7,000 wa kliniki moja ya meno walitakiwa wapime VVU na homa ya ini B na C. Ilithibitika kuwa mgonjwa mmoja alimwambukiza mwenzake homa ya ini C pale pale klinikini.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kile kiti, tumia macho. Daktari amenawa na kuvaa glovu mpya? Sindano ya ganzi ni mpya? Vifaa vimetoka kwenye pakiti iliyofungwa? Kisha uliza: "Dokta, hivi mnavisafishaje?" Kuvichemsha kwenye sufuria hakutoshi. Vipite kwenye mashine ya mvuke wenye mgandamizo, nyuzi joto 121 kwa dakika 15.

Daktari makini hatanuna. Akinuna, beba mkoba wako uondoke. Na kumbuka, homa ya ini B huambukizwa pia kwa tendo la ndoa, lakini chanjo ipo. Nendeni wote wawili mkapime, mkachanjwe.