Karl Jenkins na Misa yake ya Amani

Mwalimu wa korali akisikia mara ya kwanza Benedictus ya Karl Jenkins, anauliza mara moja: je, tunaweza kuiimba katika Misa? Tusijibu mbio. Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe.

Jenkins alizaliwa mwaka 1944 katika Penclawdd, kijiji cha Wales. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, tena mpiga kinanda na mkubwa wa korali katika kanisa la Waprotestanti. Ndiye aliyemfundisha muziki. Mtoto akashika oboa, filimbi ya mti yenye sauti nyembamba. Akasoma Cardiff, nyuma katika Royal Academy of Music kule London. Walakini njia yake ilipinda. Akaingia jazi: kundi lake Nucleus lilishinda Montreux mwaka 1970, na tangu 1972 alipiga katika Soft Machine. Kisha akatungia matangazo ya biashara: suruali, almasi, ndege. Wimbo mmoja wa ndege ulizaa Adiemus, ambayo mwaka 1995 ilienea mbali sana. Maneno yake si ya lugha yo yote, ni silabi alizozibuni mwenyewe.

Wataalamu wengine wanamdharau kwa sababu ya matangazo hayo. Sisi hatuoni aibu iko wapi. Mtu aliyezoea kusema jambo lake katika nusu dakika amejifunza kutopoteza nota.

Sasa ile Misa. Royal Armouries, nyumba ya Kiingereza inayotunza silaha za zamani, ilimwomba kazi kwa ajili ya mwaka 2000. Nyumba ya mapanga na bunduki inaagiza sala ya amani! Iliimbwa mara ya kwanza London, tarehe 25 Aprili 2000, nayo imetolewa kwa watu waliouawa katika vita vya Kosovo. Jina lake, The Armed Man, yaani Mtu mwenye Silaha, latoka katika wimbo wa Kifaransa wa karne ya 15, L'homme armé. Jambo hilo si geni katika Eklezya: Dufay, Josquin na Palestrina walitia wimbo uleule ndani ya Misa zao, na Misa zaidi ya 40 za namna hiyo zimebaki mpaka leo.

Sehemu zake ni 13. Hakuna Gloria, hakuna Credo. Tunasikia hatua za askari, kisha mwito wa sala wa Waislamu, ndipo Kyrie. Wako wanaochukizwa na mwito huo. Lakini Wakosovo walio wengi ni Waislamu. Ingekuwa ajabu kuwakumbuka wafu wao bila kusikia sauti yao.

Sanctus inaimbwa juu ya ngoma za vita, hata msikilizaji hajui kama wanaokaribia ni malaika ao jeshi. Nyuma vinakuja vita vyenyewe: tarumbeta, vilio, halafu kimya. Yanafuata maneno ya Toge Sankichi, Mjapani aliyeokoka bomu la Hiroshima, na ya Mahabharata ya Wahindu, juu ya wanyama wanaoungua msituni. Kisha Agnus Dei. Benedictus inakuja karibu na mwisho, selo ikiitangulia polepole.

Basi mtunzi amekata mahali ambapo liturjia inaunga. Kwetu Sanctus na Benedictus ni sifa moja, na maagizo ya Roma ya mwaka 1967 juu ya muziki mtakatifu yanataka, kwa desturi, taifa lote liiimbe pamoja na padri. Jenkins ametia vita vizima katikati. Yeye ajaye kwa jina la Bwana anasifiwa na watu waliokwisha kuzika wafu wao. Kwa muziki ni wazo kubwa. Kwa altare, haiwezekani. Iimbwe siku nyingine, nje ya Misa, na yote kwa utaratibu wake, maana Benedictus ikitengwa peke yake inabaki wimbo mtamu tu.

Nyuma ya hiyo Jenkins alitunga Requiem (2005), Stabat Mater (2008), na mwaka 2016 Cantata Memoria, kwa watu wa Aberfan kule Wales, ambako mwaka 1966 lundo la uchafu wa machimbo ya makaa lilibomokea shule, wakafa watoto 116 na wakubwa 28. Korali isiyo na selo inaweza kuanza na Agnus Dei ya Misa ile. Kinanda kinatosha kuisaidia.