Kutomumunyika si kutodhuru: somo la istilahi kutoka ufukwe wa Kigwena

Sentensi fupi ndizo huwatega wafasiri. Chukueni hii: "Kemikali hii haiyeyuki majini." Tuseme mvuvi wa Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge katika ufukwe wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ameisoma kwenye pipa. Anaweza kuelewa kwamba ikimwagika haitaingia katika maji anayovua na kuchota. Mwanasayansi aliyeiandika hakusema hivyo hata kidogo. Makala haya yanaeleza jinsi sumu ya kemikali za namna hiyo inavyopimwa kwa viumbe vya majini, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa lugha.

Kuyeyuka na kumumunyika

Katika mazungumzo ya kila siku, siagi huyeyuka juani na sukari huyeyuka ndani ya chai. Sayansi hutenganisha mambo haya mawili. Kuyeyuka ni kigumu kuwa kimiminika kwa sababu ya joto. Kumumunyika ni kitu kutawanyika ndani ya kimiminika, chembe kwa chembe, hata kisionekane tena. Neno hili limetokana na kumumunya, kama mtoto anavyomumunya peremende. Kiwango cha juu kinachoweza kumumunyika katika maji huitwa umumunyifu.

Rumonge ni nchi ya michikichi, basi mfano hauko mbali. Tia kijiko cha mawese katika glasi ya maji, ukoroge. Matone hutawanyika, kisha hupanda juu. Hata hivyo, kitu "kisichomumunyika" kwa kawaida ni kitu kinachomumunyika kidogo mno. Kwa samaki, kidogo hicho chaweza kutosha.

Sumu hupimwaje?

OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, imetoa miongozo inayofuatwa katika nchi nyingi. Mwani hupimwa kwa saa 72, dafnia, ambaye ni kijidudu wa jamii ya kamba, kwa saa 48, na samaki kwa saa 96. Viumbe hugawanywa katika vyombo kadhaa, kila chombo na ukolezi wake, na kimoja huachwa bila kemikali ili kulinganisha. Kinachotafutwa ni ukolezi unaoua nusu ya samaki, au unaowafanya nusu ya dafnia washindwe kuogelea.

Kwa kemikali inayomumunyika vizuri, kazi ni nyepesi. Kwa ile isiyomumunyika vizuri, mitego ni mingi.

Kwanza, kilichotiwa si kilichomumunyika. Tuseme mpimaji ametia miligramu 100 katika lita moja, lakini zilizomumunyika ni miligramu 0.01 tu. Samaki wakipona, naye akaandika kwamba miligramu 100 hazidhuru, amekosea mara 10,000.

Pili, matone yaliyobaki yanaweza kumnasa dafnia juu ya maji au kuziba matamvua ya samaki. Kiumbe hufa, lakini si kwa sumu.

Tatu, kemikali hujishika kwenye kioo cha chombo na kwenye chakula, hivyo ukolezi hushuka jaribio likiendelea.

Nne, kemikali nyingi za aina hii huingia mwilini polepole. Saa 48 au 96 zaweza kwisha kabla madhara hayajaonekana.

Kwa sababu hiyo OECD ilitoa mwongozo maalumu wa kemikali ngumu kupima mwaka 2000, ikaurekebisha mwaka 2019. Maji yenyewe hupimwa, tena zaidi ya mara moja, badala ya kutegemea hesabu ya kilichotiwa. Maji huweza kupitishwa polepole juu ya kemikali mpaka yashibe, bila kuacha matone. Kimumunyishi kikitumika kusaidia, kisizidi miligramu 100 kwa lita, na kiwe na chombo chake cha kulinganisha. Pale inapohitajika, dafnia hufuatiliwa kwa siku 21 ili kuona kama bado wanazaa, na samaki hupewa kemikali ndani ya chakula.

Kwa nini Kigwena?

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na mlango wake pekee wa kutolea maji ni Mto Lukuga. Kitu kisichooza kikiingia humo hakina njia fupi ya kutoka. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliokuta mabaki ya DDT na ya PCB katika samaki wa upande wa Burundi. PCB ni kemikali za viwandani zilizotiwa zamani katika mafuta ya transfoma, nazo zimo katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Huyakataa maji, hupenda mafuta. Basi hutoka majini zikaingia katika mashapo na katika miili: ndagala hula viumbe vidogo, mukeke hula ndagala, nasi tunamla mukeke.

Mfumo wa kimataifa wa lebo za kemikali umeliona hilo. Kemikali isiyomumunyika vizuri, isiyooza upesi na inayopenda mafuta, hata kama haikuua kiumbe katika majaribio ya muda mfupi, huweza kupewa onyo: huenda ikaleta madhara ya muda mrefu kwa viumbe vya majini. Mfasiri akiliacha neno "huenda", au akaandika "haina madhara" mahali pa "madhara hayakuonekana", amefuta onyo lote.

Zoezi la darasani

1. Eleza tofauti kati ya "haikudhuru", "haidhuru" na "haikuonekana kudhuru".

2. Andika upya sentensi ya pipa ili mvuvi wa Kigwena asipotoke. Jibu mojawapo ni hili: "Kemikali hii humumunyika kidogo sana majini, lakini inaweza kukaa ziwani na kujikusanya katika samaki. Usiimwage." Ni ndefu zaidi, lakini mvuvi hatapotoka.