Mkono Ukianza Kufa Ganzi

Wengi wetu hapa Uingereza tuna kazi mbili: mchana thesis, usiku kubeba boksi. Zote zinategemea mkono. Mkono ukigoma, ada haipatikani na thesis haiishi.

Utasikia mtu anasema, "Ni uchovu tu, utapita." Sisi wa uhandisi tunaijua habari ya waya: ukiupinda mara moja haukatiki, lakini ukiupinda huku na huku mara nyingi unakatika, ingawa nguvu ni ileile ndogo. Mkono nao ndivyo. Kano za vidole hupita kwenye njia nyembamba ya kifundo, pamoja na mshipa wa fahamu. Ukirudia tendo lilelile bila kupumzika, sehemu hiyo huvimba na mshipa unabanwa. Ila mwili, tofauti na waya, hujitengeneza ukipewa nafasi. Wala si maradhi ya kompyuta peke yake: mwaka 1713 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alieleza maumivu ya makarani walioshinda wakiandika kwa kalamu.

Dalili ni ganzi au kuchomachoma kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku. Wengine vikombe huwaponyoka. Usimeze panadol halafu ukaendelea kama kawaida.

Tatizo la laptop ni kwamba skrini na kibodi vimeungana: ukiiinua, mikono inaning'inia, ukiishusha, shingo inainama. Basi iinue juu ya vitabu, utumie kibodi na mausi za pembeni. Viwiko vikae kama nyuzi 90, vifundo vinyooke. Kupumzika dakika 5 hadi 10 kila saa ni bora kuliko dakika 20 kila baada ya saa mbili.

Kazini, kanuni mbili za mwaka 1992 zinakulinda: moja ya wanaotumia kompyuta, nyingine ya kuinua mizigo. Mwajiri lazima apime hatari na kuipunguza. Omba kubadilishiwa kazi katikati ya shifti. Wengi tunanyamaza kwa kuogopa kupunguziwa masaa, lakini mkono ukiharibika masaa yote yanakwenda. Mwambie msimamizi kwa maandishi, ubaki na nakala, halafu umuone daktari mapema.

Thesis haina mwajiri. Hapo mkaguzi ni wewe mwenyewe. Wahenga walisema, mtaji wa maskini ni nguvu zake. Tuutunze jamani.