Mbung'o wa Saadani na Mbung'o wa Unguja

Mtu atokaye Bagamoyo kuelekea kaskazini, akavuka mto Wami na kupita Saadani hadi Mkwaja, huona majani mengi lakini ng'ombe wachache. Sababu mojawapo kubwa ni mbung'o. Mdudu huyu afyonzapo damu humwachia mnyama vijidudu viitwavyo tripanosoma, ambavyo huleta nagana: ng'ombe hushikwa na homa, hupungukiwa damu, hukonda, majike hutupa mimba, na wasiotibiwa wengi hufa.

Shamba la mifugo la Mkwaja lilianzishwa mwaka 1954. Ng'ombe wake walidungwa sindano za kinga, na baadaye wakaogeshwa kwa deltamethrini ili mbung'o atuaye juu yao afe. Mbung'o walipungua lakini hawakwisha, kwani porini walikuwako ngiri na nyati, ambao hubeba tripanosoma pasipo kuugua, na ambao hakuna awezaye kuwapeleka joshoni. Mwaka 2000 shamba lilifungwa. Ardhi yake sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Huko Unguja mambo yalikwenda vingine. Kisiwani palikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, na bahari iliwazuia wengine wasiingie. Kwanza walipunguzwa kwa dawa iliyopakwa ng'ombe na kwa vitambaa vilivyotiwa dawa. Kisha, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ikatumika njia ya kushangaza: kuwamaliza mbung'o kwa kuwaongeza. Mbung'o walizalishwa Tanga, na madume wakapigwa mionzi ya gama hata wakawa tasa, ingawa hamu ya kupanda haikuwatoka. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, na huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha.

Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 ndege zilimwaga kisiwani madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa asili alinaswa Septemba 1996.

Kuihamishia njia hiyo Saadani si kazi nyepesi. Huko mbung'o ni wa aina kadhaa, kila aina ingehitaji madume wake, na hakuna bahari ya kuwazuia wale watokao bara.